Hebu Nisomee, Kizungu Yake Iko Sawa?

Mwanzoni mwa 2018 mjomba wangu alinikuta Keroka, pale steji, nikingoja matatu ya kwenda Kisii. Alikuwa ametoka kuuza ndizi, mikono bado ina utomvu. Hakupoteza muda na salamu ndefu. Alitoa simu mfukoni, akaifuta kioo kwa shati, akanikabidhi.

"Wewe ndiye ulisoma kwa hii familia. Hebu nisomee. Kizungu yake iko sawa?"

Ilikuwa tovuti ya sarafu fulani ya kripto. Mtu wa kanisani kwao alikuwa amemwambia kwamba ukiweka elfu kumi leo, baada ya miezi mitatu unatoa elfu thelathini. Nilisoma mistari minne nikaanza kucheka. Umoja na wingi walikuwa wamekosana, sentensi zilianza safari na hazikufika, na "the" zilikuwa zimemwagwa kila mahali kama chumvi ya mpishi mlevi. Nikamrudishia simu.

"Mjomba, wachana na hawa. Mtu hajui hata kuandika Kizungu, pesa zako atazichunga namna gani?"

Alicheka pia, akaninunulia soda, akarudi nyumbani na pesa zake. Mimi nikapanda matatu nikijiona shujaa.

Miezi michache baadaye akanitumia kiungo kingine kwa WhatsApp. Siku hiyo nilikuwa na haraka. Nilifungua, nikapitisha macho juu juu, nikamjibu: "Hii angalau imeandikwa poa." Hiyo ndiyo ripoti nzima niliyompa. Akaweka shilingi 80,000, pesa ya ng'ombe aliyekuwa ameuza. Mradi huo sitautaja jina. Ninachoweza kusema ni kwamba Kizungu chake hakikuwa na doa, na pesa hazikurudi.

Mjomba hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Lakini nimekuwa nikijiuliza: ule mtihani niliompa, wa kupima uaminifu wa mtu kwa sarufi yake, niliutoa wapi? Na yeye aliutoa wapi, hadi swali lake la kwanza likawa la Kizungu badala ya pesa? Nikaanza kurudi nyuma. Jibu ni la zamani kuliko intaneti.

*

Keroka iko kwenye barabara inayotoka Kisii kuelekea Sotik na Kericho. Miaka ya 1920, mashamba makubwa ya chai yalipoanza kupanuka Kericho, wanaume kutoka Gusii walikuwa miongoni mwa waliokwenda kutafuta kazi huko. Hawakwenda mikono mitupu. Kufikia 1920 serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kulazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande: karatasi yenye jina lako, kabila lako, alama za vidole vyako, na kumbukumbu za waajiri waliokutangulia kukupokea na kukuachilia. Wengi waliitia ndani ya kijikopo cha chuma na kukivaa shingoni.

Hebu fikiria hilo kidogo. Umebeba shingoni maelezo juu yako mwenyewe, yameandikwa kwa lugha ya mwajiri, na pengine huwezi kuyasoma. Ukifika shambani, bwana hakuulizi wewe ni nani. Anafungua kikopo. Mdomo wako unasema moja, karatasi inasema moja, na karatasi ndiyo inayoaminiwa. Vizazi viwili hivi vya wanaume wetu vilijifunza somo hilo kwa miguu: ukweli wenye nguvu ni ule ulioandikwa, na ulioandikwa kwa Kizungu una nguvu zaidi.

Kikopo kikaenda, uhuru ukaja, somo likabaki. Mwaka 1964 Tume ya Ominde ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza. Shuleni tukapata kikopo kingine cha shingoni: kile kibao anachovalishwa mtoto aliyeongea lugha ya mama, akitembea nacho mpaka ampate mwingine wa kumrushia. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza aibu hiyo katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha 1986, na waliosoma vijijini miaka mingi baada yake hawakuhitaji kuelezwa. Mtu aliyekosea Kizungu hakuonekana kama mtu aliyekosea lugha tu. Alionekana mshamba, mzembe, labda hata mwongo.

Halafu kukaja KCPE, mtihani uliotawala utoto wa Wakenya tangu 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Kwenye karatasi ya Kiingereza kulikuwa na utungo, alama 40. Si mnakumbuka? Tuliandika kuhusu safari ya ndege ambayo hatujawahi kupanda, na kuhusu majambazi waliovamia nyumba ya ghorofa ambayo hatujawahi kuishi. Hakuna mwalimu aliyeuliza kama ni kweli. Kalamu nyekundu ilitafuta tahajia, nukta, na zile nahau tulizokariri. Mtoto aliyeandika ukweli wa maisha yake kwa Kizungu kilichovunjika alipata 15. Aliyedanganya kwa ufasaha alipata 36, na insha yake ikasomwa mbele ya darasa.

Kwa miaka minane tulifundishwa kwamba uongo ulioandikwa vizuri unapita. Tukaja kushangaa ukubwani ulipotupita sisi.

*

Kabla ya kripto kulikuwa na upatu wa karatasi. Kati ya 2006 na 2007 Kenya ilijaa mipango ya kuzalisha pesa haraka. DECI ni jina ambalo wazazi wengi bado wanalikumbuka kwa uchungu. Mingi iliingia kwa njia ya makanisa, ikavaa nguo za kampuni: fomu za kujiunga, risiti, mihuri, vyeti. Kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze kilipotoa ripoti yake mwaka 2009, kilihesabu mipango 270, watu zaidi ya 148,000, na hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 8. Hao hawakuibiwa na watu wasiojua kuandika. Makaratasi yalikuwa sawa kabisa.

Wakati huo huo, kwenye saiba, tulikuwa tunacheka zile barua pepe za wana wa wafalme na wajane wa majenerali, zenye herufi kubwa mahali pasipofaa na mamilioni ya dola yaliyokwama benki. Zilitufanya tuamini kwamba mwizi wa mtandaoni anajulikana kwa makosa yake. Lakini mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, aliuliza swali rahisi: kama kila mtu anajua ni utapeli, kwa nini hawa jamaa bado wanaandika hivyo, na bado wanasema wanatoka Nigeria?

Jibu lake lilikuwa la kibiashara. Kutuma barua milioni ni bei rahisi. Kinachogharimu ni kumfuatilia anayejibu, siku baada ya siku, mpaka atoe pesa. Kwa hiyo tapeli hataki watu wajanja wajibu, watamchosha bure. Barua ya ajabu inafanya kazi ya kichungio. Mwenye shaka anacheka na kufuta. Anayebaki ndiye anayetakiwa.

Nilipoielewa hoja hiyo nilikumbuka kicheko changu pale steji. Nilidhani nimemgundua mwizi. Huenda mwizi alikuwa amenichuja tu, akaniacha niende nikiwa nimeridhika na akili zangu, nikiamini kwamba sasa nina kipimo.

*

Bitcoin yenyewe ilianza na maandishi. Tarehe 31 Oktoba 2008 mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walisambaza waraka wa kurasa 9. Kizungu chake kilikuwa safi na kikavu, bila majigambo. Hadi leo kuna watu wanaochunguza tahajia yake, ile "favour" ya Kiingereza cha Uingereza, wakitafuta mwandishi ni nani. Lakini hoja ya waraka huo ilikuwa kwamba usinihitaji mimi. Satoshi alipendekeza mfumo wa malipo ambao hauhitaji kumwamini mtu wa katikati, kwa sababu kila muamala unaandikwa kwenye daftari la pamoja ambalo yeyote anaweza kulikagua. Thibitisha, usiamini, hiyo ndiyo ilikuwa ahadi.

Miaka tisa baadaye ahadi hiyo ilikuwa imegeuzwa juu chini. Mwaka 2017 miradi ya sarafu mpya ilichipuka kama uyoga baada ya mvua, kila mmoja na tovuti, waraka, picha za timu, na saa inayohesabu kurudi nyuma ili uharakishe kununua. Wawekezaji wachache sana waliweza kusoma programu zilizoandikwa nyuma ya sarafu hizo. Basi walisoma kile walichoweza: Kizungu. Makosa ya tahajia yakawa miongoni mwa dalili za hatari ambazo watu walionyana. Mjomba wangu pale Keroka hakuwa mshamba kabisa. Alikuwa anatumia mbinu ile ile ya wenye pesa wa London na New York.

Ila mbinu yenyewe ilikuwa na matundu pande zote mbili. Waandishi wengi wa programu za kripto walikuwa wanatoka China, Urusi, Ukraine, Vietnam. Mtu anaweza kuwa fundi hodari wa hesabu na Kizungu kikamshinda, kama vile fundi wa pikipiki anavyoweza kuifungua injini yote na kuirudisha bila kujua kuandika risiti. Na kisingizio hicho nacho kinatumika. Januari 2018 mradi wa Tron ulipolaumiwa kwamba waraka wake wa Kiingereza umebeba maandishi ya miradi mingine bila kuitaja, mwanzilishi wake Justin Sun alisema tatizo ni tafsiri iliyofanywa na watu wa kujitolea. Makosa ya lugha yanaweza kuwa ushahidi dhidi yako, na pia yanaweza kuwa mwavuli wako.

*

Hapa inabidi niseme jambo ambalo sikumwambia mjomba.

Miaka hiyo nilikuwa naishi kwa kuandikia watu mtandaoni, kama vijana wengi waliomaliza chuo na kukosa kazi. Insha za wanafunzi wa ng'ambo usiku, maelezo ya bidhaa mchana, akaunti ya kukodi kutoka kwa mtu. Mwaka 2017 zikaanza kuja kazi za kripto: nyoosha ukurasa huu, andika upya sehemu ya "maono yetu", fanya isikike ya kitaalamu. Sikuwahi kuongea na mwenye mradi. Sikujua kama kulikuwa na programu yoyote nyuma ya maneno hayo. Nilipewa maandishi yaliyovunjika, nikayarudisha yamenyooka, nikalipwa dola chache, nikanunua unga na bando.

Kwa maneno mengine, nilijua bei ya sarufi. Nilikuwa muuzaji wake! Nilijua kwamba ule ufasaha unaomfanya mtu atulie na kusema "hawa wako seriasi" unanunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana, kutoka kwa mtu asiyejua chochote kuhusu mradi. Na bado, mjomba aliponiuliza, nikamjibu kwa kipimo ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakichakachua. Shule ilikuwa imeingia ndani sana. Niliona sentensi iliyonyooka, mwili wangu wenyewe ukatoa alama 36.

Sidhani mradi uliommeza mjomba niliuandika mimi. Uliandikwa na mtu kama mimi, mahali fulani.

*

Ukitazama wizi mkubwa wa enzi hiyo, ufasaha haukuwa tatizo lao kamwe. Centra Tech ya Marekani ilikusanya zaidi ya dola milioni 25 mwaka 2017, ikatangazwa na bondia Floyd Mayweather. Tovuti yake ilimwonyesha mkurugenzi mkuu mwenye sifa nzuri. Mkurugenzi huyo hakuwepo duniani, na picha iliyotumika ilikuwa ya profesa wa Kanada asiyehusika. Waanzilishi walishtakiwa Aprili 2018.

Mwezi uliofuata, tume ya soko la hisa la Marekani ilijitungia tovuti ya uongo ya sarafu iliyoitwa HoweyCoins ili kufundisha umma. Ukibonyeza kununua, unapelekwa kwenye somo. Dalili za hatari zilizoonyeshwa humo zilikuwa faida ya uhakika, watu mashuhuri wanaokuvuta, na kuharakishwa ulipe. Kizungu chake kilinyooka, maana serikali yenyewe ndiyo iliyokiandika.

Halafu kuna OneCoin, iliyofika karibu na kwetu. Ruja Ignatova alikuwa na shahada ya udaktari wa sheria kutoka Ujerumani, na mwaka 2016 alisimama Wembley, London, akahutubia maelfu kwa Kizungu kisichokwama. Sarafu yake haikuwa na daftari la pamoja lolote la kukaguliwa. Oktoba 2017 alipotea. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema wahanga walipoteza zaidi ya dola bilioni 4, na tangu 2022 jina lake liko kwenye orodha ya FBI ya watu kumi wanaosakwa zaidi. Benki Kuu ya Uganda ilikuwa imeonya kuhusu OneCoin mapema 2017, lakini onyo la benki lilishindana na maneno ya jirani, ya mchungaji, ya binamu. Mwishoni mwa 2019 Uganda hiyo hiyo ikapigwa tena: Dunamiscoins ilifunga milango na kuacha maelfu ya watu wakidai.

Kenya nayo hatukukosa maonyo. Benki Kuu ilitoa lake Desemba 2015, ikisema Bitcoin na wenzake si pesa halali na hakuna atakayekulinda ukipoteza. Mwaka 2019 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikaonya kuhusu KeniCoin, na jambo hilo likafika Mahakama Kuu. Maonyo yote yaliandikwa kwa Kizungu kizito cha ofisi. Ajabu ni kwamba onyo na mtego vilivaa suti moja, na aliyefundishwa kuheshimu suti hakuwa na njia ya kuvitofautisha.

*

Novemba 2022 ChatGPT ilitolewa, na bei ya sarufi ikashuka hadi sufuri. Kazi zangu za kunyoosha maandishi zilikauka. Kile kipimo changu nacho kikafa rasmi, ingawa kilikuwa maiti siku nyingi. Aprili 2025 CBEX ilipoporomoka na kuwaacha watu wa Nigeria na Kenya wakitazama akaunti zisizotoa pesa, waliokuwa wameahidiwa kuzidishiwa pesa na akili unde kwa mwezi mmoja hivi, hakuna aliyeweza kusema angewatambua kwa makosa ya tahajia. Siku hizi ukurasa wenye makosa unaweza hata kukupa moyo kwamba umeandikwa na binadamu.

Oktoba mwaka huo huo Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali. Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndizo zitakazotoa leseni. Itachukua muda tuone itafika wapi, lakini angalau swali lake ni zuri: nani mwenye biashara hii, na anajibu kwa nani? Sarufi haimo.

Nikitafuta mtu aliyenitangulia kuelewa haya, simpati kwenye kitabu. Nampata soko la Keroka. Mji huu umekatwa na mpaka: upande huu Kisii, upande ule Nyamira, na tangu ugatuzi uanze 2013 kaunti hizo mbili zimekuwa zikivutana juu ya nani akusanye ushuru. Mfanyabiashara wa hapa anajua vizuri kwamba karatasi yenye muhuri haimalizi swali la nani ana haki ya kudai.

Na kuna M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Haikuchukua muda matapeli wakajifunza kutunga ule ujumbe wa "Confirmed", neno kwa neno, nukta kwa nukta. Ujumbe bandia hauna kosa hata moja la Kizungu. Wauzaji waliwahi kupoteza mikungu mizima kwa meseji hizo. Walichofanya baadaye hakikuhitaji shule. Mama mmoja ninayemnunulia parachichi husubiri ukimwonyesha simu yako, anakutazama kwa upole, halafu anachukua simu yake mwenyewe, kabambe ya zamani, na kuangalia salio. "Hiyo ni barua yako, kijana yangu," aliniambia siku moja. "Mimi naangalia pesa yangu."

Salio peke yake halitoshi kwa kripto, kwa sababu upatu hulipa mwanzoni ili uwaite wenzako. Shilingi 500 za kwanza huwa zinatoka bila shida. Kuna swali la pili, na hilo nilifundishwa na mjomba.

Desemba iliyopita kijana wa jirani alikuja nyumbani na simu, sarafu mpya, ukurasa unang'aa. Nilinyoosha mkono nisome. Mjomba hakumpa nafasi ya kunipa simu. Aliuliza tu: "Nikiuza ndizi, faida yangu inatoka kwa mtu wa Nairobi atakayekula ndizi. Hii yako inatoka kwa nani?"

Kijana alianza kusoma jibu kutoka kwenye tovuti. Lilikuwa limeandikwa vizuri sana. Alifika katikati, akanyamaza, akaanza tena kutoka juu. Mjomba alikuwa tayari amesimama, ameenda kufungua ng'ombe.